Viroba Tisa Kwenye Kalavati

Haya ninayoyaandika ni kweli tupu, hayakutiwa chumvi hata punje. Naapa kwa kiinua mgongo changu, nilichopewa baada ya miaka thelathini na mitatu ya kufunga mifuko ya barua Posta, nikakimaliza kwa miezi minne. Atakayekuta uongo hata mmoja ndani ya sura hii aje hapa Isongwa, upande wa Mvumi, aulizie kwa mzee Methusela. Nitamkabidhi jogoo wangu mwekundu bila kubishana.

Jogoo mwenyewe si wa kubezwa. Siku ya mafuriko alichukuliwa na maji akiwa amesimama juu ya bati, akaelea hadi Mtumba kwenye mji wa Serikali, akashuka mbele ya wizara moja, mlinzi akamtaka aandike jina kwenye kitabu cha wageni. Alipoona foleni ni ndefu akarudi kwa miguu. Siku hiyo hiyo mimi niliingia majini, yakanifika kifuani, nikamtoa Hana, mjane wa rafiki yangu, juu ya tembe lake. Nilimbeba mgongoni. Hayo nayo ni kweli.

Ilikuwa Jumanne saa tisa mchana, mvua ikanyesha kama iliyokuwa imekopa miaka mitatu ya ukame ikaamua kulipa yote siku moja. Nyumba kumi za bati ziliingiwa maji, zikasimama. Tembe la Hana likaenda. Mnajua tembe: kuta za udongo, na paa la udongo juu ya nguzo. Kuta ziliyeyuka kama sukari guru kwenye chai, paa likabaki limesimama juu ya nguzo zake muda wa saa nzima, kisha likaketi polepole kama bibi kizee.

Wiki mbili baadaye kamati ya maafa ya wilaya ikaleta barua, na mwenyekiti wetu Joel akatusomea mbele ya ofisi ya kijiji. Kama yale maji ni ya Mungu peke yake, Serikali itampa Hana blanketi, sufuria na madebe mawili ya unga, basi. Kama barabara ya Serikali ndiyo iliyoyapotosha, atajengewa nyumba. Na kama walioyaziba ni wanakijiji kwa mikono yao, asidai kitu. Kamati ingekaa Ijumaa. Hana alikuwa analala kwenye stoo ya kanisa, kati ya ngoma na viti vyenye miguu mitatu, na mvua za Machi zilikuwa zinabisha hodi.

Watu wakabishana mpaka kivuli cha ofisi kikahama. Joel alishikilia kwamba mtu anayelipa kodi na michango yote akibomokewa alipwe, la sivyo Serikali ni ya nini. Elisante, mfugaji wa ng'ombe, akauliza kwa upole kwamba mwaka wa ukame ng'ombe wake kumi na wanne walikufa kwa kukosa mvua, nani alimlipa? Kama mvua ikizidi inalipwa, basi ikikosekana ilipwe pia, na hapo Hazina itabaki na makabati. Wengine wakasema ng'ombe hakai kwenye orodha ya viwanja. Mimi nilinyamaza, jambo ambalo kwa anayenijua lingetosha kuwa ushahidi.

Jumatano asubuhi akashuka mpelelezi kutoka kwenye pikipiki ya kukodi. Inspekta Sabiha Swalihu, mtu wa Dodoma mjini, wa ukoo wa wale wafanyabiashara ambao babu zao walikuja na misafara ya zamani wakabaki. Baba yake ana duka la vitambaa, na yeye upelelezi wake wote aliufanya kwa futi ya kitambaa ya dukani kwao, ile ya njano ya kuvingirisha. Kamati ilikuwa imemwazima kwa siku mbili. Alitusalimia shikamoo sisi wazee mmoja mmoja, akakataa soda, akaomba mtu wa kumwonyesha njia. Joel akanichagua mimi, kwa sababu najua kila kichaka na sina kazi.

"Mzee wangu, unajua kunyamaza?" akaniuliza.

"Nikiwa nimelala, afande."

"Basi tutembee. Nikitaka maneno nitakuuliza."

Tulianzia kwa Hana. Pale palipokuwa na nyumba palibaki tuta la udongo, na fremu ya mlango imesimama peke yake, mlango wenyewe umefungwa kwa kufuli. Hana alikuwa amekaa kwenye kinu kilichopinduliwa, akichambua kunde zilizolowa. Sabiha hakucheka lile kufuli. Aliomba ufunguo, akafungua mlango, akapita katikati yake kama mgeni mwenye adabu, akafunga tena. Hana alipoona hivyo akamkaribisha kwa Kigogo, "Mbukwenyi," na kuanzia hapo wakawa ndugu.

Sabiha akapiga magoti kwenye fremu. Alipima kwa ile futi, akaandika, akapima tena. Kisha akaniita.

"Unaona nini hapa?"

"Matope."

"Mangapi?"

Nikaangalia. Kulikuwa na mistari miwili. Mmoja mwekundu, mnene, usawa wa goti. Mwingine wa kijivu, mwembamba, usawa wa kifua changu. Nikamwambia ni mistari miwili, na moyoni nikaanza kuomba uwe mmoja.

"Huu wa chini ni maji yaliyosimama muda mrefu, yakaacha rangi," akasema. "Huu wa juu ni maji yaliyopita. Na majani yamenasa upande huu wa barabarani, siyo upande wa korongo. Mama Hana, maji yalikujia kutoka wapi?"

Hana akanyoosha kidole kwenye barabara. "Yalirudi, mwanangu. Korongo liko huku, lakini maji yalinijia kwa kule yanakotakiwa kwenda. Kama mtu aliyesahau kitu nyumbani."

"Na nani alikutoa?"

Hana, ambaye huniita kwa jina la binti yangu Restuta, akanitazama, akaziba mdomo kwa upande wa khanga.

"Huyu alikuja. Kijiji kizima kilikuwa mlimani, baba Restuta peke yake ndiye aliyekuja. Kila siku namshukuru. Leo asubuhi nimempelekea mlenda."

"Alikubeba?"

"Alikuja," Hana akarudia, na mabega yake yakatikisika. Sabiha akaandika neno hilo moja. Mimi nikatazama mbuzi. Tangu siku ile kila shukrani ya yule mama nilikuwa naimeza kama kwinini, na mlenda wake ulikuwa haushuki, ijapokuwa mlenda, kwa maumbile yake, hushuka wenyewe.

Kutoka hapo hadi kwenye kalavati ni hatua mia mbili na kumi, Sabiha alizihesabu. Barabara ya changarawe imeinuliwa kama ukuta na kukata bonde, na chini yake kuna bomba moja la zege la kupitisha maji. Upande wa juu, wa kwa Hana, kulikuwa na shimo pana lililokauka juu juu, limejaa alama za kwato. Shamba la zabibu linalopakana nalo lilikuwa la kijani mpaka aibu. Sabiha akauliza la nani. Nikasema la mzee mmoja wa hapa, mtu mwenye bahati.

Alishuka upande wa chini, akaanza kuchimba kwa kikoleo kidogo. Alichimba kama mtu anayetafuta sindano ya mama mkwe. Chini ya tabaka la matope ya kijivu akapata kona ya kiroba cha mbolea. Akakitoa. Akapata kingine. Hadi saa sita alikuwa amevipanga vinane juani, vimejaa udongo mwekundu, midomo imefungwa kwa kamba ya katani. Wanakijiji walikuwa wamekusanyika, na kila mmoja alikuwa na hakika kwamba vimesombwa na maji kutoka kijiji kingine. Kijiji gani hawakujua, ila kingine.

"Udongo huu ni wa shambani," Sabiha akasema, akiuponda kiganjani. Akaokota kijiti chembamba kilichojikunja. "Na huu ni mkono wa mzabibu. Kijiji kingine kina zabibu?"

Mtu mmoja nyuma akamtaja Elisante, kwamba ng'ombe wake ndio waliokuwa wanakunywa pale, kwato hizo mnazionaje. Nami, Mungu anisamehe, nikakohoa kile kikohozi cha kukubali.

Elisante aliitwa, akaja na fimbo yake mabegani, hana haraka.

"Ulinywesha hapa?" Sabiha akamuuliza.

"Nilinywesha."

"Nani aliyasimamisha maji?"

"Afande, ukikuta maji yamesimama nchi hii unayauliza yamesimamishwa na nani? Unayaamkia, unakunywa, unaondoka kabla hayajabadili mawazo."

"Ulikuwa wapi mvua zilipoanza?"

Elisante akatoa kwenye mfuko wa shati karatasi iliyokunjwa mara nane. Kilikuwa kibali cha kusafirisha mifugo, chenye mihuri miwili. Novemba alihamisha ng'ombe kwenda Busi, kule Kondoa, na mhuri wa kurudi ni wa wiki iliyofuata mafuriko. Kwato zilizo juu ni zake, za juzi. Viroba viko chini ya matope. Sabiha akapitisha kidole kwenye mihuri, akamrudishia karatasi, akamshukuru kwa kuitunza. Kisha akanigeukia.

"Umesikia kikohozi chako kimeponea wapi, mzee wangu?"

Watu wakacheka. Mimi nilicheka zaidi ya wote, kosa la pili.

Jua lilipokuwa kali akasema tukapumzike kwangu, maana ni karibu. Nikampa kigoda na karanga. Alikuja na kimoja kati ya vile viroba, na mfuko mtupu wa kuchukulia sampuli. Akautia udongo mfuko ule, akaunyoosha mkono wake wa kulia, akaukunja kwa maumivu.

"Kikoleo kimenimaliza. Nifungie huu, mzee, nisije nikamwaga ushahidi njiani."

Nilikuwa katikati ya hadithi ya chatu aliyewahi kumeza mfuko wa telegramu huko Manyoni, akawa anatetemeka kila habari mbaya ilipoingia. Mikono ikafanya kazi yake yenyewe. Nikakunja mdomo mara mbili, nikazungusha kamba mara tatu, ncha nikairudisha chini ya mzunguko wa kwanza, nikavuta kwa mkono wa kushoto. Nikampa.

Aliuweka ule mfuko chini, kando ya kiroba alichotoka nacho kwenye kalavati. Alitafuna karanga moja, akatafuna nyingine. Nami nikatazama, chatu wangu akafia njiani.

Mafundo mawili, pacha. Yote yamevutiwa kushoto.

"Posta miaka mingapi?" akauliza.

"Thelathini na mitatu."

"Hakuna barua iliyowahi kumwagika, nadhani."

"Hata moja, afande."

"Viroba vilikuwa tisa, siyo vinane. Umekaa juu ya cha tisa tangu tufike."

Nilikuwa nimekikalia kweli, kile nilichokiokota bondeni maji yalipopungua; mkeka ulikifunika chote isipokuwa fundo. Basi nikasema. Nilimwambia kwamba Novemba, wingu la kwanza lilipoonekana, nilikwenda peke yangu nikaziba lile bomba. Miaka mitatu zabibu zangu zilikuwa zinakauka mbele ya macho yangu, na kila tone lililodondoka lilipita chini ya barabara kwenda kwa watu nisiowajua. Mtu wa kwetu hawezi kuona maji yanaondoka hivi hivi. Angekuwa mtu wa pwani angefikiri kwamba maji yanaweza kuzidi. Sisi tumefundishwa kuomba yaje, hakuna aliyetufundisha kuomba yaende. Lile shimo lilipojaa likawa lambo, watu wote walichota. Joel alitoa shukrani kanisani kwa ajili ya yale maji. Hana mwenyewe aliteka ndoo mbili kila siku, akasema Mungu ametukumbuka, nami nikaacha Mungu apewe sifa maana sikutaka maswali.

"Andika ni mimi," nikamwambia. "Lakini tafuta namna Hana asikose nyumba. Kaniletea mlenda leo asubuhi."

Sabiha akafungua begi, akatoa karatasi kubwa ya ramani. Ilikuwa michoro ya ile barabara, ameiomba wilayani kabla hajaja. Akaweka kidole.

"Hesabu."

Nikavaa miwani. Pale bondeni, chini ya mstari wa barabara, kulikuwa na duara tatu zimepangana.

"Mabomba matatu," akasema. "Chini kuna moja. Mkandarasi alichora matatu, akaweka moja, na kazi ikapokelewa. Sasa nieleze viroba vyako vilikuwa juu ya matope ya kijivu au chini?"

"Chini."

"Kwa hiyo vilitoka kabla mafuriko makubwa hayajapita. Vilishikilia maji mpaka kwenye ule mstari mwekundu, usawa wa goti. Kisha vikasukumwa, bomba likawa wazi. Na maji yakaendelea kupanda hadi kifuani, bomba likiwa wazi, kwa sababu bomba moja haliwezi kazi ya matatu." Akavingirisha futi yake. "Goti ni lako, mzee. Kutoka goti hadi kifua ni la Serikali. Nitaandika yote mawili kwa vipimo. Sifichi lako ili lao lionekane, wala sifichi lao kwa sababu ya lako. Lakini Hana hatasikia kutoka kwenye karatasi yangu. Utamwambia wewe, leo."

Nimesindikiza maiti nyingi maishani, sijawahi kutembea hatua mia mbili ndefu kama zile za kutoka kwangu hadi kwa Hana. Hana alikuwa palepale kwenye kinu. Nikamwambia nikiwa nimesimama, kofia mkononi, sikuongeza kitu wala sikupunguza. Nadhani ndiyo hadithi fupi kuliko zote nilizowahi kusimulia.

Aliendelea kuchambua kunde. Alimaliza ungo mzima.

"Kumbe maji niliyokuwa nateka nikimshukuru Mungu ulikuwa umeyatega wewe, shemeji."

"Ni mimi."

"Na yaliponifuata ndani, ukayafuata."

"Ndiyo."

"Basi sikiliza. Shukrani niliyokwisha kuitoa siirudishi, ulikuja na wengine hawakuja. Lakini yale matofali uliyochoma kwa ajili ya banda lako la kukalia uongo, nayataka."

Ijumaa kamati ilikaa. Sabiha alisoma ripoti yake bila kupandisha sauti, na mistari miwili ya matope ikawashinda wenye suti. Joel alisimama kutetea kodi zetu kwa robo saa, wakati jambo limeshaamuliwa. Serikali italeta saruji, mabati na fundi, na itaongeza mabomba mawili kabla ya masika ijayo. Mimi nitatoa matofali elfu mbili na kuyabeba kwa mikono yangu. Elisante alinyoosha mkono, nikajua anadai deni la kikohozi. Akasema tu kwamba ana mkokoteni na maksai wawili, mzee asije akavunjika kiuno tukaingia gharama nyingine. Nilimshika mkono, basi.

Nyumba ilikamilika mwezi wa nne, vyumba viwili, na ile fremu ya zamani Hana alikataa isitupwe. Imewekwa mbele, na mistari yake miwili haijasuguliwa. Sabiha alipita siku ya kuhamia, na kitambaa cha pazia kutoka dukani kwa baba yake, kilichopimwa kwa futi ileile. Tulikula pilau na mlenda pamoja, muungano ambao sijauona kwingine, na mlenda ulishuka vizuri.

Hapo ndipo nilipomsomea Hana sura hii, nikitaka sifa. Alisikiliza amekaa kizingitini. Nilipofika mahali pa kumbeba mgongoni akainua mkono.

"Rudia hapo."

Nikarudia, kwa sauti ndogo kidogo.

"Afande," akamwambia Sabiha, "siku ile uliniuliza kama alinibeba. Alikuja, hilo ni kweli. Alifika kwenye ukuta akateleza, akamezwa mpaka kofia. Nikalala kifudifudi juu ya paa, nikamtupia khanga, nikamvuta kama ndoo ya kisimani. Tulikaa juu saa nzima, mimi, yeye na jogoo wake, aliyekuwa amefika kabla yake. Hakuna aliyekwenda Mtumba."

Sabiha alitoa daftari lake, akafungua ukurasa wa ile Jumatano, akanionyesha. Palikuwa na neno moja, "Alikuja," na kando yake alama ya kuuliza.

Niliinuka, nikaenda nyumbani, nikamkamata jogoo mwekundu na kumfunga miguu. Hana alipompokea akacheka kuona fundo, akalifungua kwa kuvuta kushoto. Hakumchinja. Sasa kila alfajiri anawika juu ya bati jipya la Hana, hatua mia mbili kutoka kitandani kwangu, nami naamka na kusema asante, maana kama si khanga ile nisingemsikia.